Maisha ya Roald Dahl na Vali ya Maji ya Ubongo

Jina la Roald Dahl lajulikana duniani kote kwa ajili ya vitabu vya watoto alivyoviandika. Lakini si wengi wajuao kwamba mtu huyu alikaa Dar es Salaam alipokuwa kijana, wala kwamba alikuwa mmoja wa watu watatu waliotengeneza chombo kidogo cha kuwasaidia watoto wenye maji mengi kichwani. Habari zake zatufaa sisi tukaao Chamazi, Mbagala na pande nyingine za Temeke, maana ugonjwa huo uko kwetu pia. Tena wako wazazi waulizao swali gumu: mtoto aliyewekewa mrija wa kutoa maji kichwani na kuyamwaga tumboni, je, aweza kupasuliwa tumbo kwa njia ya matundu madogo pasipo kudhurika kichwa? Tutasimulia kwanza maisha ya mtu mwenyewe, kisha tutalijibu swali hilo.

KUZALIWA NA UTOTO WAKE

Roald Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, karibu na mji wa Cardiff katika nchi ya Wales. Baba yake, Harald Dahl, na mama yake, Sofie Magdalene, walikuwa watu wa Norwei. Baba alikuwa na biashara ya kuzihudumia meli bandarini, naye alifanikiwa sana. Mtoto akaitwa Roald kwa heshima ya Roald Amundsen, Mnorwei aliyetangulia watu wote kufika Ncha ya Kusini ya dunia mwaka 1911. Akabatizwa katika kanisa la Wanorwei pale Cardiff, kanisa la Kilutheri lililojengwa kwa ajili ya mabaharia waliokuwa mbali na kwao.

Mwaka 1920, Roald akiwa na umri wa miaka mitatu, dada yake Astri alishikwa na ugonjwa wa kidole tumbo, akafa. Umri wake ulikuwa miaka saba. Siku zile dawa za kuua vijidudu, kama penisilini, zilikuwa hazijapatikana, na usaha ukienea ndani ya tumbo, madaktari walikuwa na silaha chache. Baba aliyempenda mno binti yule hakuweza kuubeba msiba. Baada ya wiki chache akapatwa na kichomi, naye akafariki. Mama akasalia mjane mwenye watoto wa kulea katika nchi ya ugeni. Walakini hakurudi Norwei, kwa kuwa mumewe alikuwa ametaka watoto wao wasome katika shule za Kiingereza. Hivyo Roald alijua tangu utoto jinsi ugonjwa wa mtoto mmoja uwezavyo kuiangusha nyumba nzima.

KUFIKA KWAKE DAR ES SALAAM

Alipomaliza shule hakutaka kwenda chuo kikuu, bali alitamani kuziona nchi za mbali. Mwaka 1934 akaandikwa kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akapelekwa Tanganyika. Alisafiri kwa meli mpaka Mombasa, na kutoka huko akafika Dar es Salaam. Alikaa pamoja na wafanyakazi wenziwe katika nyumba ya kampuni huko Oyster Bay, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Kinondoni. Akajifunza Kiswahili, akazunguka bara kuwatembelea wenye mashamba ya mkonge na wengine walionunua mafuta ya mitambo, na homa ya malaria akaionja kama wageni wote.

Mwezi wa Septemba 1939 vita vilipotokea, Wajerumani waliokaa Tanganyika walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na wamisionari wengi wakawa miongoni mwao, kama historia ya makanisa yetu inavyoshuhudia. Kijana Dahl akapewa askari Waafrika, akaambiwa alinde njia itokayo mjini kwenda kusini. Kazi hiyo haikuchukua siku nyingi. Kabla mwaka haujaisha akaondoka kwa gari mpaka Nairobi, akajiandikisha katika jeshi la ndege.

KUANGUKA KWA NDEGE

Tarehe 19 Septemba 1940 aliruka na ndege yake kwenda kujiunga na kikosi chake katika jangwa la magharibi mwa Misri. Hakukiona kiwanja, mafuta yakakaribia kwisha, jua likazama. Akajaribu kutua jangwani, ndege ikagonga na kuwaka moto. Mfupa wa kichwa ukavunjika, pua ikabondeka, na kwa majuma kadhaa hakuona kitu kwa macho yake. Akalazwa hospitali ya Iskanderia miezi mingi. Mwaka uliofuata akarudi vitani huko Ugiriki, lakini maumivu makali ya kichwa yakamshika tena, ikawa hana budi kuacha kuruka. Mwaka 1942 serikali ya Uingereza ikampeleka Washington, na huko Marekani ndiko alikoanza kuandika hadithi.

Mwaka 1953 alimwoa Patricia Neal, mwigizaji wa sinema aliyekuwa na sifa kubwa. Wakazaa watoto watano: Olivia, Tessa, Theo, Ophelia na Lucy. Ni huyu wa tatu, mtoto wa kiume wa pekee, ambaye kwa sababu yake twaandika habari hizi.

MTOTO THEO

Tarehe 5 Desemba 1960 katika mji wa New York yaya alikuwa akivuka barabara huku akisukuma kigari cha mtoto. Teksi ikaja, ikakigonga kigari kile na kukitupa mbali. Theo alikuwa na umri wa miezi minne tu. Mfupa wa kichwa ukavunjika mahali pengi. Hakufa, lakini baada ya siku chache maji yakaanza kujikusanya ndani ya kichwa chake.

Inafaa tueleze maji haya. Ndani ya ubongo wa kila mtu mna vyumba vinavyotoa maji safi, na katika mtu mzima ni karibu nusu lita kila siku. Maji hayo hupita katika njia zake, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hurudi katika damu. Njia ikizibwa na jeraha, au na ugonjwa wa utando wa ubongo, au mtoto akizaliwa na kasoro, maji huzidi na kuugandamiza ubongo. Kichwa cha mtoto mchanga hupanuka, utosi hujaa, macho huelekea chini. Hapa kwetu ugonjwa huu huitwa ugonjwa wa kichwa kikubwa, na mara nyingi huandamana na ule wa mgongo wazi.

Dawa yake siku zile, kama leo, ilikuwa kuweka mrija wa kuyachukua maji kichwani na kuyamwaga mahali pengine mwilini. Njiani huwekwa vali, yaani kilango kidogo kinachofunguka upande mmoja tu, ili maji yashuke lakini yasirudi. Vali iliyotumika kwa Theo ilikuwa imetokana na kazi ya fundi wa Marekani aitwaye John Holter, aliyeitengeneza mwaka 1956 kwa ajili ya mtoto wake mwenyewe mwenye ugonjwa huu. Ilikuwa kazi nzuri, na watoto wengi waliishi kwayo. Lakini kwa Theo iliziba mara kwa mara. Kila ilipoziba mtoto aliumwa, macho yalipoteza nuru, na ikawa lazima apasuliwe upesi.

VALI YA WATU WATATU

Dahl hakuwa daktari. Lakini aliyajua maumivu ya kichwa kilichovunjika, tena alikuwa mtu asiyekubali kukaa bure penye taabu. Familia iliporudi Uingereza, Theo akatibiwa na Kenneth Till, daktari mpasuaji wa ubongo katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Dahl akamwuliza vali huziba kwa nini. Akaelezwa kwamba ndani ya ubongo ulioumizwa mna damu na vipande vidogo vya nyama vinavyonasa katika kilango.

Ndipo Dahl akamkumbuka rafiki yake, Stanley Wade, fundi wa mitambo ya maji, ambaye alipenda kutengeneza injini ndogo za ndege za kuchezea. Pampu za injini zile zilisukuma mafuta katika tundu jembamba sana wala hazikuziba. Dahl akawakutanisha fundi na daktari. Daktari alieleza ubongo unataka nini, fundi alichonga chuma, na baba alikwenda huku na huku kati yao, akiuliza na kuhimiza.

Chombo chao kilikuwa tayari mwaka 1962, kikaitwa kwa majina yao watatu, Wade-Dahl-Till. Ndani yake mlikuwa na visahani viwili vya chuma, kila kimoja katika nyumba yake ndogo, mwisho wa kipande cha mpira laini. Maji yaliposhuka kutoka juu, visahani vilisogea na kuwapa njia. Msukumo ulipotoka chini, visahani vilibanwa, mlango ukafungwa. Kiliweza kuchemshwa na kutakaswa, na hatari ya kuziba ilikuwa ndogo. Watatu wale wakapatana wasichukue faida ya fedha kwa kazi hiyo. Karibu watoto 3,000 katika nchi mbalimbali wakawekewa vali hiyo kabla ya kuja nyingine mpya zaidi.

Theo mwenyewe hakuihitaji. Ilipokuwa tayari, hali yake ilikuwa imekwisha kuwa njema. Kazi iliyoanzishwa kwa ajili yake ikawafaa watoto ambao baba yake hakupata kuwaona.

MISIBA MINGINE

Mwezi wa Novemba wa mwaka ule ule wa 1962 binti mkubwa, Olivia, alishikwa na surua. Ilionekana kama surua ya kawaida, na mtoto alianza kupata nafuu. Kumbe ugonjwa umeingia katika ubongo. Akafa, naye alikuwa na miaka saba, umri ule ule wa Astri. Chanjo ya surua ilikuwa haijapatikana. Dahl aliumia mno. Akatafuta faraja kwa viongozi wa kanisa, asiipate, akajitenga nalo. Jambo hili latupasa kulitafakari sisi tupelekao neno kwa waliofiwa. Miaka ya 1980 aliandika waraka kwa wazazi, akiwasihi wawachanje watoto wao, na waraka huo umesomwa na watu wengi hata baada ya kufa kwake.

Mwaka 1965 mke wake akapatwa na kiharusi, hali ana mimba. Alipozinduka hakuweza kusema wala kutembea vema. Dahl akawapanga majirani waje kwa zamu kila siku kumfundisha, mpaka akarudi katika kazi yake. Njia ile ya kuwatumia majirani ikafuatwa na wengine wenye wagonjwa wa namna hiyo.

Hatusemi kwamba alikuwa mtu asiye na lawama. Alikuwa mkali wa ulimi, na ndoa yake ya kwanza ilivunjika mwaka 1983. Tena alitamka maneno mabaya juu ya Wayahudi, na mwaka 2020 jamaa zake waliomba radhi hadharani kwa ajili ya maneno hayo. Alifariki Oxford tarehe 23 Novemba 1990, akazikwa Great Missenden, kijiji alichokaa miaka mingi. Binti yake Ophelia alikuwa miongoni mwa walioanzisha, mwaka 1987, shirika la Partners In Health, ambalo limewatibu maskini Haiti, na baadaye Rwanda, Malawi na Lesotho.

MRIJA NA TUMBO

Sasa turudi kwenye swali la wazazi. Zamani za Theo madaktari wengi walizoea kuyamwaga maji ya ubongo katika mshipa wa damu karibu na moyo. Baadaye walichagua zaidi tumbo. Mrija hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, na mwisho wake huachwa huru katika nafasi iliyo kati ya matumbo. Hapo maji hunyonywa na kurudi katika damu. Ndivyo ilivyo kwa watoto wengi waliowekewa mrija hapa Tanzania, ambao watu huuita mpira.

Mtoto huyu naye ana tumbo kama watoto wengine. Aweza kupatwa na kidole tumbo kama Astri. Na mwenye mgongo wazi huenda akahitaji kupasuliwa kibofu au utumbo. Siku hizi upasuaji mwingi wa tumbo hufanywa kwa matundu madogo. Daktari hulijaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi ili lipanuke, kisha huingiza kamera nyembamba na vyombo virefu. Kwa watoto msukumo wa hewa hiyo huwa kama milimita 8 mpaka 12 za zebaki.

Hapo ndipo hofu ilipotokea, nayo ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza, kwamba hewa itapanda katika mrija mpaka kwenye ubongo. Ya pili, kwamba hata ikiwa haipandi, maji hayatashuka, maana tumbo lililojaa hewa huyazuia. Hofu hii ya pili ilikuwa na msingi: katika miaka ya 1990 madaktari waliopima walikuta msukumo wa kichwani ukiongezeka wakati tumbo linapojazwa. Kwa hiyo wengine walishauri watoto hawa wapasuliwe kwa jeraha kubwa tu, au wasipasuliwe pasipo kipimo kichwani.

Kisha vali zenyewe zikajaribiwa. Mwaka 1999 ilitangazwa habari ya vali za aina mbalimbali zilizosukumwa kwa kinyume juu ya meza, kwa nguvu iliyoshinda mara nyingi ile ya hewa ya upasuaji. Nazo hazikupitisha kitu. Kilango kilifanya kazi ya kilango. Tangu hapo hospitali za nchi mbalimbali zimetoa taarifa za watoto wenye mrija waliopasuliwa kwa matundu madogo, na kwa jumla hawakuonekana kupata madhara ya kichwa kuliko wale waliopasuliwa kwa jeraha kubwa. Tena jeraha dogo lina faida yake: maumivu hupungua, na matumbo hayagandamani sana, jambo lenye maana kwa mtoto ambaye tumbo lake ndilo shimo la kupokelea maji ya ubongo.

Basi jibu ni kwamba upasuaji huo kwa kawaida ni salama, mradi uangalizi usikosekane. Kabla ya upasuaji ni lazima ijulikane kwamba mrija unafanya kazi. Hewa iwe ya msukumo mdogo uwezavyo kutosha, na muda usiwe mrefu kupita haja. Mtoa dawa ya usingizi ajue habari ya mrija, na daktari wa ubongo awe karibu. Kidole tumbo kikiwa kimepasuka na usaha umeenea, jambo ni jingine: vijidudu vyaweza kuufuata mrija mpaka kichwani. Hapo mara nyingi madaktari huutoa mwisho wa mrija nje ya tumbo na kuyakinga maji katika mfuko, mpaka tumbo litakapotakasika.

NENO KWA WAZAZI NA WAALIMU

Mtoto mwenye mrija akitapika na kulia tumbo, mzazi asikate shauri mwenyewe kwamba ni chango au ni chakula kibaya. Yaweza kuwa tumbo lenyewe, yaweza kuwa mrija umeziba. Kichwa kuuma, usingizi usio wa kawaida, utosi kujaa, macho kuelekea chini au degedege, hizo ni dalili za kwenda hospitali siku ile ile. Neno la kwanza la kumwambia daktari, hata kabla ya kuulizwa, ni kwamba mtoto ana mrija, na uliwekwa mwaka gani. Vyeti vyake na vichukuliwe. Kutoka Chamazi mpaka Muhimbili ni mbali, na msongamano wa magari ni mwingi. Lakini pale, katika uwanja mmoja, wako wapasuaji wa watoto wa Hospitali ya Taifa na wapasuaji wa ubongo wa Taasisi ya Mifupa, MOI. Ni faida kubwa kwamba wanaweza kuitana.

Wala mrija si njia pekee. Huko Mbale, Uganda, katika hospitali ya CURE, daktari Benjamin Warf alianza mwaka 2001 kuwatibu watoto wengi kwa kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo wenyewe na kuunguza sehemu inayoyatoa, na njia hiyo imeenea katika nchi nyingi. Haimfai kila mtoto, walakini yafaa mzazi aulize.

Nasi waalimu na wazee wa kanisa tuna kazi yetu. Wako mama waliofichwa nyumbani pamoja na watoto wao kwa sababu watu husema ni uchawi au laana, na wako waliokimbiwa na waume zao. Mama wa namna hiyo akiwa mtaani mwetu, tumwendee tusingoje aje kanisani. Tumpatie nauli ya kwenda Muhimbili, na mtu mmoja wa kukaa naye kwenye benchi la hospitali mpaka jina la mtoto litakapoitwa.